Maharagi Yalikwenda Wapi?



Wiki hii sizungumzi juu ya uji wa watoto wala juu ya chanjo. Nataka tuzungumze juu ya mama mfanya biashara mwenyewe, yule anayekaa nyuma ya beseni. Na kwa kuwa si vizuri kuanza na makosa ya wengine, naanza na yangu.

Kuna mwaka nilianza biashara ya maharagi na dola 300. Nilinunua vijijini wakati wa mavuno ya sezoni B, mwezi wa sita, bei ikiwa chini, nikashusha magunia mpaka Sake, na mara nyingine mpaka Goma. Miezi minne baadaye nilikuwa na dola 55 ndani ya kitambaa, na kaye imejaa majina ya watu. Mtu akiniuliza biashara inaendaje, jibu langu lilikuwa tayari: barabara. Barabara mbaya, bariera nyingi, shoferi amepandisha bei, mvua. Kila mtu aliitikia kwa kichwa, maana nani asiyeijua barabara yetu? Hakuna aliyeuliza zaidi.

Aliyeuliza zaidi ni animatrice mmoja aliyekuwa anatembelea vikundi vya akiba. Alinikuta nabambua maharagi uani, akavuta kiti, naye akaanza kubambua. Akaniuliza: “Mama, maharagi yalikwenda wapi?” Nikasema barabara. Akasema: “Barabara ilikula ngapi?” Sikujua. Mtu aliyelalamikia barabara kwa miezi minne, hakujua imemla ngapi.

Alichukua biki, tukarudi nyuma safari kwa safari. Barabara ilikuwa imekula dola 40 zaidi ya zile nilizopanga. Dola 95 zilikuwa zimeingia nyumbani: sare za shule, dawa za mtoto, mchango wa ndoa ya ndugu wa mume wangu, matanga mawili. Na dola 110 zilikuwa mikononi mwa watu 14, wote wenye majina ndani ya kaye yangu. Juu ya hayo, faida ya miezi ile yote hata hatukuihesabu. Iliingia sufuriani siku kwa siku.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mimi daftari nilikuwa nalo! Nilikuwa naandika kila deni na tarehe yake. Kwa hiyo shida yangu haikuwa kutojua kuandika.

Mara ya pili aliporudi, hakunifundisha hesabu. Alisoma yale majina 14, moja moja, na kwa kila jina aliniuliza swali lile lile: “Siku ile alipokuomba, wewe uliogopa nini?” Kazi hiyo ilichukua mchana mzima. Kwa shemeji yangu, niliogopa kwamba nyumbani watasema nimeanza majivuno. Kwa mama tunayeimba naye kwaya, niliogopa atanipita Jumapili bila kunisalimu. Kwa jirani, niliogopa watoto wake wataniangalia. Tulipofika mwisho, tuliona watu watatu tu ndio niliowakopesha kwa kuwa niliamini watalipa. Wale wengine 11 niliwapa kwa haya. Mimi ni mtu asiyeweza kusema hapana akiwa anaangaliwa usoni. Nilikuwa na miaka 38, na watoto watano, na sikuwa nimewahi kulijua jambo hilo juu yangu mwenyewe.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nahesabu: kama mradi fulani ungenipa dola 300 nyingine kesho yake, nazo zingepita njia ile ile, kwa watu wale wale.

Jambo alilonifanyia yule mama lina majina mengi. Kule Goma vijana wanasema wana kochi. Wenye miradi wanasema kusindikizwa. Mimi napenda neno hili la pili, kwa kuwa kwetu mgeni anasindikizwa njiani, habebwi mgongoni. Mwalimu wa biashara anakuja na majibu: hivi ndivyo unavyopanga bei, hivi ndivyo unavyotenganisha mfuko wa nyumba na mfuko wa biashara. Hayo ni mema na tunayahitaji. Msindikizaji anakuja na maswali, halafu ananyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu, na wamama wengi tunashindwa hapo, maana mwenzetu hajamaliza sentensi na sisi tumekwisha kumpa shauri.

Niseme na hili mapema: siku hizi wako watu wanaopita na karatasi nzuri, wanaomba dola 20 au 50 ili wakufundishe “siri ya kuwa tajiri” au wakuingize katika kikundi ambacho faida yake ni kuleta watu wengine watatu. Huyo si msindikizaji. Msindikizaji hana siri, na habari za utajiri wako anazikuta kwako.

Mtauliza kama mambo haya yana ushahidi, au ni maneno ya kufurahisha tu. Ushahidi upo, na sehemu yake nzuri inatoka hapa hapa Afrika. Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya Lomé, mji mkuu wa Togo. Walichukua wafanya biashara wadogo 1,500, wakawagawa mafungu matatu ya watu 500. Fungu la kwanza lilipata mafundisho ya biashara ya kawaida: hesabu, bei, soko, fedha. Fungu la pili lilipata mafundisho ya aina nyingine, yaliyotengenezwa kwa kufuata kazi za mtaalamu wa saikolojia kutoka Ujerumani, Michael Frese, na ambayo yalikuwa yamekwisha kujaribiwa Uganda: namna ya kuanza jambo bila kusukumwa, namna ya kutazama mbele kabla shida haijafika, na namna ya kutoacha unapokwama. Fungu la tatu halikupata kitu. Mafundisho yote mawili yalichukua saa 36 katika wiki nne, kisha mwalimu alimtembelea kila mmoja penye biashara yake mara moja kwa mwezi, kwa miezi minne.

Wakawafuata kwa zaidi ya miaka miwili. Waliopata mafundisho ya kawaida, faida yao ilipanda kwa asilimia 11 hivi, kiasi ambacho watafiti wenyewe walisema hakitoshi kuwa na hakika nacho. Wale wa fungu la pili, faida ilipanda kwa asilimia 30. Na kwa wanawake wa fungu hilo ilikaribia asilimia 40.

Kuna mama mmoja wa Lomé ambaye habari yake husimuliwa. Alikuwa anakodisha nguo za arusi. Baada ya mafundisho alikwenda kuuliza bibi arusi wanahangaika na nini, akaona kwamba nguo wanaipata kwake, lakini shela, glavu na mikufu wanavitafuta mji mzima. Akaongeza hivyo. Kwa kusimulia ni jambo dogo kabisa. Lakini alikuwa ameuza miaka mingi bila kuuliza swali hilo, kwa kuwa kila mwenye nguo za arusi alikuwa anafanya kama jirani yake.

Sasa tusidanganyane. Lomé ina amani, bandari na mabenki. Na fundisho la namna hii halikuzaa matunda kila lilikopandwa: Jamaica faida ilionekana kwa wanaume kwa muda mfupi, kwa wanawake haikuonekana. Ethiopia ilionekana kwamba mambo yanategemea sana anayefundisha. Mwalimu aliyewahi kufanya biashara yeye mwenyewe ndiye aliyewafaa wanafunzi wake. Hili la mwisho halinishangazi. Yule aliyekuja uani kwangu alikuwa ameuza ndizi miaka sita kabla ya kuvaa jile ya mradi. Alibambua maharagi upesi kuniliko.

Na kuna jambo ambalo lazima niliseme kwa sauti, kwa sababu limewaumiza wamama wengi. Tangu 1993, watu wa Masisi na wa Walikale wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Mama aliyeacha ng'ombe, shamba na nyumba, anayelala chini ya sheetingi na watoto, halafu mtu anakuja kumwambia kwamba shida yake ni “mawazo ya umaskini”: huyo amemtukana. Kujifahamu hakuleti gunia la mbegu. Anayekosa mtaji anakosa mtaji.

Upande wa Gulu na Kitgum, kaskazini mwa Uganda, baada ya vita ya LRA, kulifanyika jambo linalotufaa sisi kuliko lile la Lomé. Watu 1,800 maskini sana, wengi wao wanawake, walipewa kila mmoja dola 150 hivi, siku tano za mafundisho, na mtu wa kuwatembelea. Mwaka mmoja na miezi minne baadaye, wenye biashara ndogo walikuwa wameongezeka mara mbili, na kipato kilikuwa kimekua sana. Ona kwamba fedha ilikuwepo. Ona tena jambo la pili: pale walipohimizwa kuunda vikundi vya kusaidiana, kipato kilipanda zaidi, kwa kuwa waliweka akiba pamoja na kushirikiana. Zile ziara za mtu wa mradi zilikuwa za bei kubwa, na matunda yake hayakuwa makubwa kama gharama yake.

Nilipolielewa hilo nilifurahi, kwa kuwa kikundi sisi tunacho. Tuna likirimba tangu zamani za mama zetu. Tuna AVEC, ambazo mtindo wake ulianza Maradi, Niger, mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima: wamama 15 mpaka 25, sanduku moja, kufuli tatu, funguo tatu mikononi mwa watu watatu, na mwisho wa mzunguko tunagawana. Mabenki ya Goma yalipofungwa mwezi wa kwanza 2025, wengi wetu tuliona kwamba sanduku na simu ndiyo benki iliyobaki. Na sanduku nalo lina hatari zake wakati wa kukimbia. Kikundi chetu kiliamua kugawana mapema kuliko kubeba mali ya watu 22 porini. Lakini nauliza: katika mkutano wetu wa kila wiki tunahesabu hisa, tunahesabu mikopo, tunatoza amande waliochelewa, tunaimba, tunatawanyika. Nani anamwuliza mwenzake mkopo ule ulikwenda wapi, na kwa nini?

Sisi tulianza hivi. Baada ya kufunga sanduku, tunabaki wawili wawili, dakika 20 tu. Mmoja anazungumza, mwingine anauliza, halafu wanageuza. Sheria ni mbili. Ya kwanza, anayeuliza hatoi shauri mpaka aombwe. Ya pili, yasemwayo pale hayafiki sokoni. Mama mmoja aliivunja hii ya pili, na mwenzake akahama kikundi na hisa zake zote. Tangu siku ile tumekuwa wakali. Usichague rafiki yako wa karibu kuwa wa pili wako. Rafiki anakuhurumia upesi. Na wala usimpate mtu mwenye kuuza kitu kile kile unachouza, maana hapo maswali yanakuwa upelelezi.

Maswali yenyewe si ya shule. Wiki hii ni jambo gani ulilofanya kwa kuwa wengine wanalifanya? Ni mteja gani anayekuchosha, na kwa nini bado unamhudumia? Faranga zikifika mkononi mwako, kitu cha kwanza unachotamani kununua ni nini? Ulipokasirika sokoni, ulikasirikia nini hasa? Mama mmoja wetu aligundua kwamba kila siku ya faida nzuri anarudi nyumbani na nyama, na kila siku ya hasara pia anarudi na nyama, ili mama mkwe asijue. Alicheka mpaka machozi alipojisikia akilisema. Mwingine aligundua kwamba anauza mandazi kwa bei ya unga na mafuta tu. Makala hakuyahesabu, na mikono yake aliisahau kabisa. Tulipomwuliza kwa nini, alisema: “Mikono si nilizaliwa nayo?”

Lakini habari ninayoipenda ni ya dada yetu aliyetoka Walikale. Vita ilimkimbiza mpaka huku juu Masisi, na watoto wanne na bidoni moja tupu. Nyumbani alikuwa anauza mafuta ya ngazi. Alipofika kwetu alipata faranga kidogo za kuanzia, akaangalia wamama wengine wakimbizi wanafanya nini, akaanza mandazi. Kwenye mstari ule ule walikuwa 11, wote na mandazi, wote bei moja. Jioni alikuwa anawalisha watoto mandazi yaliyobaki.

Mwenzake wa dakika 20 alimwuliza: “Kuna kitu gani unachokijua wewe, ambacho sisi wa hapa hatukijui?” Dada akajibu hakuna, mimi ni mkimbizi tu. Mwenzake akanyamaza, kama tulivyopatana. Ikapita kitambo. Kisha dada akasema, kama anayelalamika: “Ila ninyi watu wa milimani mnanunua mafuta mabaya. Mnauziwa mafuta yaliyochanganywa, mnapika tu.”

Basi! Huku juu mngazi haustawi, baridi haiutaki. Mafuta yanapanda kutoka mabondeni, na sisi tunayapokea jinsi yalivyo. Yeye anaonja tone kwenye ulimi na kukwambia kama yamekaa sana. Anayatazama yanavyoganda asubuhi. Anayachemsha kidogo, anasikiliza yanavyolia, anajua kama yana maji. Ujuzi huo alikuwa nao siku zote alipokuwa anachoma mandazi, lakini kwa macho yake ulikuwa si kitu, kwa kuwa kwao kila mtoto wa kike anaujua. Alichukua mkopo mdogo, akanunua bidoni moja kwa wachuuzi, akichagua yeye mwenyewe, akaanza kuuza kwa chupa ndogo. Wateja wake wa kwanza walikuwa wale wamama 10 wa mandazi.

Biashara yake ni ndogo bado. Njia ikifungwa, mafuta hayapandi, na wiki hizo anarudi kwenye mandazi. Lakini simsikii tena akisema “mimi ni mkimbizi tu”.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, kwa sababu huko ndiko mambo mengi hukwama. Wababa wengi, na wamama pia, bado wanaamini kwamba mke haruhusiwi kufanya biashara bila ruhusa ya mume. Ilikuwa hivyo katika Kodi ya Familia ya mwaka 1987. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliibadili: ruhusa ile ya mume iliondolewa, na sasa bwana na bibi wote wawili wanatakiwa kusikilizana juu ya mambo yanayowafunga. Sheria imefika lini katika kijiji chako, hilo ni jambo lingine.

Katika zile dakika 20, jambo linalorudi kuliko yote ni hili: kuficha. Mama anamficha mume faida, kwa kuogopa kwamba akiijua ataacha kununua chumvi, au ataiomba kwa ajili ya kinywaji. Silaumu. Wako wenye sababu, na mwenye mume anayepiga asilazimishwe na kikundi kufunua mfuko wake. Lakini wako na wengine waliokuwa wanaficha kwa mazoea tu, kwa sababu mama zao walificha, na hawajawahi kujaribu kuzungumza. Kule Uganda niliposema, wanawake walipata kipato zaidi, ila nguvu yao ndani ya nyumba haikubadilika sana kwa sababu ya fedha peke yake. Pale waume walipoalikwa kwenye mafundisho, walau mazungumzo kati yao yalikuwa mazuri zaidi. Sisi tumejaribu mara moja kuwaalika wababa. Walikuja saba. Mmoja alisema hakujua kwamba mfuko wa unga una bei hiyo, na mkewe akaangalia chini ili asicheke.

Kuna wakati ambapo maswali haya hayatoshi, nalo nataka mlijue kabla hamjaanza. Unamwuliza mwenzako kwa nini hafungui kibanda mapema kama wengine, ukidhani utasikia habari ya uvivu, kumbe unasikia habari ya usiku mmoja porini ambao haujaisha ndani ya kichwa chake. Wengi wetu tumebeba mambo. Hapo usimpe shauri la biashara. Usimwambie asahau, asali tu. Kaa naye, na umsaidie kufika kwa mtu aliyefundishwa kazi hiyo kwenye kituo cha afya au kwa wasikilizaji wa wamama.

Tena msaada huo si wa kujifariji bure. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya kazi iliyofanyika Kivu, Kaskazini na Kusini, pamoja na wamama 405 waliotendewa vibaya katika vita. Katika baadhi ya vijiji walisikilizwa mmoja mmoja kama kawaida. Katika vijiji vingine walikutana kwa vikundi, na wasaidizi wa hapa hapa Kongo, wakajifunza kutazama mawazo yaliyowashika, kama lile la “ni kosa langu” au “sifai tena”, na kuyapima kama ni ya kweli. Kulikuwa na mkutano mmoja wa mtu peke yake na 11 ya kikundi. Miezi sita baada ya kumaliza, katika vikundi hivyo wamama wenye dalili za huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa kila 100. Kwa waliosikilizwa kwa njia ya kawaida walikuwa 42. Kazi hiyo ilifanyika katika vijiji ambako usalama haukuwapo, na wengi wa wamama hao walikuwa hawajui kusoma.

Naandika hayo kwa sababu nimesikia watu wakisema mambo ya moyo ni ya wazungu, na sisi yetu ni njaa. Njaa ni yetu, kweli. Lakini mama anayejiona hafai hawezi kutaja bei yake. Mteja akisema “punguza”, anapunguza kabla hajamaliza kusikia.

Mara ya tatu na ya mwisho yule animatrice aliponitembelea, nilitaka anipe dawa ya haya yangu. Hakunipa. Aliniuliza: “Ni wakati gani umewahi kusema hapana, na hukuona haya?” Nilifikiri. Nikakumbuka kwamba mimi ndiye mtunza ufunguo mmoja wa sanduku la kikundi. Watu wameniomba mara nyingi niwafungulie katikati ya wiki, na nimewakatalia wote, hata ndugu zangu, bila moyo kudunda. Kwa nini? Kwa kuwa mali ile si yangu.

Tukacheka wote wawili. Niliacha kuanza upya kwa fedha ya mfukoni, nikachukua mkopo wa dola 60 kwenye AVEC, nikaongeza zile 55. Tangu hapo, mtu akija na kopo tupu na maneno matamu, namwambia ukweli: “Dada yangu, maharagi haya ni ya kikundi, na Jumatano nahesabiwa mbele ya watu.” Nasema bila kutetemeka. Bado siwezi kukataa kwa jina langu mwenyewe; hilo sijaliweza, na labda sitaliweza. Nimelijua tu, nikajijengea uzio mahali ninapoangukia.

Kati ya wale 14, tisa wamelipa, wengine kwa maharagi badala ya faranga. Wanne sasa wako mbali, vita iliwapeleka wanakojua wenyewe, na majina yao nimeyapiga mstari. Amebaki shemeji. Bado anakuja kila Jumapili na bakuli. Nampa yaliyopikwa.